Je, kuacha kulalamika humfungulia mtu njia, au humfunga mdomo tu?

Mshonaji wa Kawangware ameuliza:

Wenzangu, naomba mnisaidie kulitafakari jambo ambalo limenikosesha usingizi tangu mwezi wa Januari. Mimi ni fundi wa kushona nguo, na kibanda changu kipo Kawangware, ndani kidogo ukiiacha barabara kuu, ambako nina cherehani mbili: moja ya stima, na nyingine ya kukanyaga kwa mguu niliyoachiwa na marehemu mama. Januari ndio msimu wetu wa mavuno kwa sababu wazazi huhitaji sare za shule kwa pamoja, na mwaka huu stima ilipotea mara nyingi mno katika wiki zile zile tulizozitegemea.

Nina dada mkubwa anayeishi Nakuru, na kila jioni nikishafunga kibanda humtumia ujumbe wa sauti. Siku moja simu yangu ilijaa ikakataa kupiga picha ya gauni la mteja, basi nikaketi kufuta vitu visivyo na kazi, nikaona niusikilize ujumbe mmoja kabla ya kuufuta. Nikausikiliza na wa pili, na wa tatu, hata nikafikisha kumi na mmoja. Sikuwa nimewahi kujisikia nikizungumza na mtu. Jumbe tisa zilikuwa malalamiko matupu: stima, mwenye nyumba, wateja wanaoacha nguo miezi mitatu bila kuzilipia, bei ya vitambaa Eastleigh, mvua, nauli ya matatu. Hapakuwa na mahali hata pamoja nilipomwomba dada shauri, na majibu yake yalikuwa yale yale kila siku: "Pole sana, mdogo wangu, Mungu atafungua njia."

Lililoniuma zaidi ni hili. Katika ujumbe mmoja nilitaja, kwa sekunde chache tu, kwamba mwalimu wa shule moja ya jirani ameniuliza kama ninaweza kumshonea marinda sitini, kisha nikarudi mbio kwenye habari za stima. Kazi ile niliipoteza. Hakuna aliyeninyang'anya, sikwenda kumwona yule mwalimu, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kujishawishi kwamba kwa stima ya namna hii haiwezekani, na huku cherehani ya mama ilikuwa pale pale pembeni, imefunikwa kwa leso.

Nilipolieleza jambo hili katika chama chetu, mwenzetu mmoja alitusimulia habari za Will Bowen, mchungaji wa mji wa Kansas City nchini Marekani, ambaye mwaka 2006 aliwagawia waumini wake bangili za rangi ya zambarau. Kila mtu alitakiwa kuivaa mkononi, na akilalamika aihamishie mkono wa pili na kuanza kuhesabu upya, mpaka atimize siku 21 mfululizo bila lalamiko. Mimi nilikata kipande cha lastiki ya kiunoni, nikakishona kikawa duara, nikakivaa. Leo ni wiki ya sita na sijawahi kupita siku ya nne.

Kwa hiyo ninauliza: je, mtu akiacha kulalamika hupata kweli mtazamo wa mafanikio, au ni njia ya kuwafanya watu wanyamaze wakati mambo yao yanaharibika? Na tena, mume wangu ameniambia kwamba tangu nivae lastiki hii nimekuwa kimya nyumbani kuliko ilivyo kawaida yangu, na kwamba kimya hicho kinamtisha kuliko kelele za zamani. Sijui nimjibu nini.

Mwalimu Mstaafu, Buruburu, amejibu:

Mshonaji, shikamoo zako nimezipokea ingawa hukuziandika, na mimi nakupa pole ya kazi. Kujisikiliza mwenyewe mara kumi na moja bila kuizima simu ni ujasiri ambao wengi wetu hatuna.

Nilifundisha Kiswahili kwa miaka 31, kwa hiyo utanisamehe nikianzia kwenye lugha, maana naona jibu la swali lako limelala humo. Sisi tuna maneno kadhaa kwa jambo ambalo watu hulitaja kana kwamba ni moja. Anayenung'unika husema kwa sauti ya chini, na hakusudii kusikiwa na yeyote anayehusika. Anayelalama ameshindwa na anaomba ahurumiwe. Anayelaumu amempata mtu wa kumnyooshea kidole, lakini macho yake yako kwenye jambo la jana. Anayedai ni mtu wa namna nyingine kabisa, kwa sababu dai haliwi dai mpaka liwe na mdaiwa, kiasi, na siku ya kulipwa. Ukimwambia mwenye duka, "Nakudai," atakuuliza papo hapo, "Unanidai nini, na tangu lini?" Ukikosa la kujibu, yeye atarudi kwenye hesabu zake na wewe utabaki na kinyongo chako.

Kisha tazama neno ambalo korti zetu hulitumia. Katika taarifa ya habari hapa Kenya, mtu aliyepeleka kesi huitwa mlalamishi, na ndilo neno lile lile tunalomwitia jirani anayesumbua watu kibarazani asubuhi hadi jioni. Tofauti yao haiko katika uchungu, kwa maana pengine wa kibarazani ameumizwa zaidi. Tofauti ni kwamba mlalamishi wa kortini hulazimika kusimama na kueleza ni nani aliyemkosea, alimkosea nini, siku gani, ana ushahidi gani, na anataka atendewe nini. Akimaliza hukaa chini na kuungoja upande wa pili useme. Mlalamishi wa kibarazani hafiki hatua hiyo ya kukaa chini.

Sasa rudi kwenye jumbe zako tisa. Ninavyoona, kosa lako halikuwa kusema kwamba stima imepotea, kwa sababu imepotea kweli na hasara ni yako. Kosa lilikuwa kuipeleka kesi ya stima kwa dada yako aliye Nakuru, ambaye hana waya wala mita ya kukurekebishia, na kuirudia mpaka ukaitolea hukumu wewe mwenyewe. Ile kazi ya marinda sitini uliikatia kesi kabla ya kusikiliza upande wowote. Hapo ndipo kulalamika kunapokula mafanikio ya mtu. Nguvu zinapotea, ni kweli, lakini kubwa zaidi ni kwamba lalamiko likizoeleka hugeuka kuwa jibu, na mtu mwenye jibu tayari haendi kuuliza.

Umeuliza kama kuacha kulalamika ni kunyamaza. Nitakujibu kwa mfano wa hapa hapa Nairobi. Mwaka 1989 palitangazwa mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Nakumbuka vizuri jinsi watu wengi walivyonung'unika kwenye mabasi na katika vyumba vya walimu, na mimi nilikuwa mmoja wao. Tulisema mengi, tukashuka kwenye vituo vyetu, tukaenda nyumbani. Profesa Wangari Maathai aliketi akaandika barua. Aliziandikia ofisi za serikali na watu wa nje waliohusika na fedha za mradi, akiuliza maswali na kudai majibu. Bungeni alikejeliwa waziwazi, lakini hakuacha kuandika. Hatimaye wafadhili walijiondoa, jumba halikujengwa, na bustani ipo mpaka leo. Hakuna anayeweza kusema kwamba mama yule alinyamaza, na vilevile hakuna anayeweza kusema kwamba alikuwa mlalamikaji.

Kwa hiyo ushauri wangu juu ya lastiki ni mfupi. Lastiki haina masikio, haiwezi kutofautisha dai na nung'uniko, na ukiitii bila kufikiri utakuwa unajiadhibu hata pale unapomwambia mteja akulipe. Badilisha sharti. Ihamishe pale tu unapomwambia shida yako mtu asiyeweza kuitatua, na huku humwombi kitu chochote, hata shauri.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku amejibu:

Namshukuru Mwalimu, na mengi aliyoyasema ninayakubali, ila sharti lake la mwisho linanitia wasiwasi. Ukiondoa kila neno linalosemwa kwa mtu asiyeweza kutatua shida, umeondoa pia kilio, na binadamu hawezi kuishi bila mahali pa kulilia. Waliosema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua hawakuwa wakizungumzia ugonjwa wa mwili peke yake.

Katika wodi ninayofanyia kazi, wanaonitia hofu hasa ni wale wanaojibu upesi. Alikuwapo mzee mmoja ambaye kila nilipopita na tochi yangu usiku aliniambia, "Salama tu, sista, endelea na wengine." Usiku wa tatu nilisimama nikautazama mkono wake badala ya uso. Alikuwa ameukamata ukingo wa kitanda mpaka vifundo vya vidole vikapauka. Nilimuuliza tena, nikalitaja tumbo kwa jina, na ndipo alipokubali kwamba maumivu yalianza tangu mchana. Alifundishwa tangu utotoni kwamba mwanamume halalamiki. Daktari aliitwa na akahudumiwa, lakini saa zile alizozipoteza hazikuwa na faida kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo, Mshonaji, mume wako anapokwambia kwamba kimya chako kinamtisha, usimchukulie kama mtu anayekuvunja moyo katika safari yako. Huenda ameona mkono wako umekamata ukingo wa kitanda.

Hata hivyo, siwezi kusema kwamba kuyarudia mambo yale yale kila jioni kunatibu, kwa sababu wataalamu wa saikolojia wameichunguza hali hiyo na matokeo yao hayaipi sifa. Susan Nolen-Hoeksema alikuwa mwanasaikolojia wa Marekani aliyewapima wanafunzi wa chuo kikuu cha Stanford kuhusu jinsi wanavyozichukulia huzuni zao. Wiki mbili baadaye, tarehe 17 Oktoba 1989, likatokea tetemeko kubwa la ardhi katika eneo hilo la California. Alipowapima tena siku 10 baada ya tetemeko, kisha wiki 7 baadaye, aliona kwamba wale waliokuwa na tabia ya kuizungushazungusha huzuni vichwani mwao, wakijiuliza kwa nini wanajisikia hivyo na kwa nini yamewapata wao, ndio waliokuwa na dalili nyingi zaidi za msongo na mfadhaiko. Ninaipenda habari hiyo kwa sababu tetemeko halikuwachagua. Waliotetemeka walitetemeka wote, na kilichotofautiana ni kile walichokifanya na uchungu baada ya ardhi kutulia.

Mwanasaikolojia mwingine, Amanda Rose, alichapisha utafiti mwaka 2002 kuhusu marafiki, hasa wasichana, ambao wakikutana huzungumzia matatizo yao bila kikomo. Urafiki wao ulikuwa wa karibu zaidi, na papo hapo huzuni na wasiwasi vilikuwa vingi zaidi. Nadhani wewe na dada yako mtajitambua humo. Kinachowafunga ninyi wawili kila jioni ni upendo, na ndiyo sababu ni vigumu kukiacha.

Nikupe jambo moja la kufanya. Mwaka 1986 James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall waliwaomba wanafunzi waandike kwa dakika 15 kila siku, kwa siku nne mfululizo, kuhusu jambo lililowaumiza kupita yote maishani, wakieleza lililotokea na jinsi walivyojisikia. Katika miezi iliyofuata, wanafunzi hao walikwenda kwenye kituo cha afya mara chache kuliko wenzao walioandika habari za kawaida. Zingatia kwamba zoezi lilikuwa na mwanzo na mwisho. Karatasi huishia mahali, na kalamu humlazimisha mtu kulipanga jambo kwa utaratibu, wakati ujumbe wa sauti unaweza kuendelea mpaka betri ikaisha. Andika dakika hizo 15, na siku ya tano umweleze mume wako, kwa maneno yako, kile unachokiogopa. Hilo usilihesabu kuwa lalamiko, na lastiki ibaki mkono uleule.

Fundi wa Mjengo, Mwiki, amejibu:

Dada Mshonaji, mimi nitasema kwa ukali kidogo, na Mwalimu anisahihishe nikikosea lugha.

Maneno haya ya kuacha kulalamika ili uwe na mtazamo wa mafanikio mimi niliyasikia kwa mara ya kwanza kutoka kinywani mwa mtu aliyekuwa amekalia mshahara wangu. Tulikuwa kumi na wanne kwenye mjengo mmoja upande wa Kasarani, mafundi wa mawe watano na wengine vibarua, na malipo yetu yalikuwa kila Jumamosi saa kumi jioni. Jumamosi ya kwanza pesa hazikuja. Ya pili, msimamizi alitukusanya kando ya kichanganyio cha zege, akatuambia kwamba watu wanaofaulu maishani hawalalamiki, kwamba tujifunze kuwa na fikra chanya, na kwamba yeye mwenyewe alianza kwa kubeba mawe. Nilikuwa nimesimama nikiwa na sepetu mkononi na saruji ikinikaukia kwenye vidole, na nyumbani palikuwa na mtoto aliyefukuzwa shule kwa ajili ya karo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Tangu siku hiyo, mtu akianza kunihubiria kwamba nisilalamike, jambo la kwanza ninalolitafuta ni kama yeye ndiye ninayemdai.

Naomba kila atakayesoma hapa alielewe hilo. Kifungu cha 41 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, mazingira ya kazi yanayofaa, kujiunga na chama cha wafanyakazi, na hata kugoma. Mtu hapewi haki ya kugoma ili abaki akitabasamu.

Lakini nikiwa mkweli, kuna sehemu ya pili ya habari hii, na sipendi kuificha. Katika wiki hizo mbili tulikuwa tukikutana kwenye kibanda cha chai kila saa nne asubuhi, na kila mmoja akawa anaongeza kuni. Huyu alieleza jinsi alivyonyimwa pesa kwenye mjengo wa mwaka juzi, yule akaeleza kisa cha binamu yake, na tukirudi kazini tulikuwa tumechoka kuliko tulivyokuja, na hakuna hata mmoja aliyejua kwa hakika jumla ya pesa tulizokuwa tukidai. Mzee mmoja wa zege, mtu wa maneno machache, ndiye aliyeomba daftari la watoto kwa mama wa chai, akachana ukurasa wa katikati, akaanza kutuuliza mmoja mmoja: jina, siku ulizofanya, kwa siku ni shilingi ngapi. Ilituchukua muda wa kunywa kikombe kimoja. Jumla ilipotoka tulinyamaza wote, kwa sababu ilikuwa kubwa kuliko tulivyodhania, na pia kwa sababu sasa ilikuwa namba ambayo mtu angeweza kuibeba.

Tuliipeleka karatasi ile kwa msimamizi, watatu tukiwa wasemaji, tukamwambia kwamba tutangoja mpaka Jumatano na Alhamisi tutaipeleka ofisi ya leba. Nusu ililipwa Jumatano na nusu Jumamosi. Wawili kati yetu hawakuitwa tena kazini baada ya hapo, na mmoja wa hao wawili ni mimi. Hilo pia liandikwe, kwa sababu kudai kuna gharama, na anayefundisha watu kudai bila kuwaeleza gharama anawadanganya.

Kwa hiyo simwambii mtu aache kulalamika. Namwambia asilalamike bila karatasi.

Mama wa Duka, Dagoretti, amejibu:

Mdogo wangu Mshonaji, nina swali moja tu. Umesikiliza jumbe zako kumi na moja, je, za dada yako umezisikiliza? Umetuandikia yote uliyomwambia, na yeye umetupa sentensi yake moja ya pole. Mimi pia nina mdogo wangu anayenipigia simu kila Jumapili, na upo mwaka mzima ambao hakujua kwamba nilikuwa ninatibiwa, kwa sababu kila alipopiga zamu yangu ya kusema haikufika.

Mshonaji wa Kawangware amerudi:

Wenzangu, nimechelewa kuwajibu kwa karibu wiki nne kwa sababu nilitaka nirudi nikiwa na jambo la kueleza. Mwalimu, shikamoo, safari hii nimeiandika.

Niseme kwanza kwa Mama wa Duka kwamba swali lake liliniliza. Nilimpigia dada siku iyo hiyo, nikamuuliza habari zake, akasema, "Njema." Sikusema lolote, nikangoja. Alikaa kimya kwa muda, kisha akaniambia kwamba goti lake limevimba tangu Desemba na kwamba hupanda ngazi za nyumbani kwake akiwa amekaa, ngazi moja moja, kama mtoto. Kwa miezi hiyo yote alikuwa akizisikiliza habari za stima yangu akiwa amekalia ngazi. Sasa tumekubaliana kwamba mimi natuma ujumbe Jumatatu na Alhamisi, naye anatuma Jumanne na Ijumaa, na Jumamosi iliyopita alikwenda kumwona daktari.

Kuhusu stima, nilifuata ushauri wa Mwalimu na wa Fundi pamoja. Nilitundika daftari ukutani kando ya swichi, na kila stima ilipopotea niliandika saa ya kupotea na saa ya kurudi, na pia niliuliza kama vibanda vya ng'ambo ya njia navyo vimezimika. Nilifanya hivyo kwa majuma matatu. Kati ya mara kumi na saba, ng'ambo walizimika mara nne tu. Zile kumi na tatu zilikuwa za ploti yetu peke yake, kwa kuwa vibanda sita tunatumia mita moja, na tokeni zikiisha tunangojeana nani atanunua. Muda wote huo nilikuwa nikiwalaumu watu wa stima kwa kosa ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa yetu sisi sita, nami nikiwamo, kwa maana kuna siku nilikuwa na shilingi mia moja za tokeni nikazishikilia ili mwenye kinyozi anunue kwanza.

Nilikwenda kwa mwenye nyumba na daftari lile. Sikuwa nimewahi kuzungumza naye isipokuwa siku ya kodi. Alilipitia ukurasa baada ya ukurasa akilifuata kwa kidole, akaniuliza kama nimeandika mwenyewe, kisha akasema kwamba ataweka mita ndogo kwa kila kibanda endapo sisi tutachangia nusu ya gharama. Wanne wamekubali. Mwenye kinyozi na mama wa mboga bado wanafikiri, na ninawaelewa, kwa hiyo sijui kama litatimia mwezi huu au ujao.

Shuleni nilikwenda pia. Marinda sitini yalikwisha kupewa fundi mwingine, na mwalimu aliniambia bila kuzunguka kwamba alinisubiri siku tisa. Sikumweleza habari za stima, ingawa zilinifika mpaka kwenye ulimi. Nilimwomba msamaha kwa kutokujibu, nikamwachia mfano wa mshono wa kola, na Ijumaa akanipa marinda kumi na mawili ya wasichana waliohamia shuleni humo katikati ya muhula.

Muuguzi, dakika zako 15 nilizifanya kwa usiku nne, na usiku wa tano nilimwambia mume wangu kwamba ninaogopa kuzeeka kibandani kama mama, macho yakiwa yamekwisha na deni la vitambaa likiwa bado. Hakunijibu kwa muda mrefu. Baadaye aliniuliza deni ni shilingi ngapi, na tukagundua kwamba hata mimi sikujua. Tumelihesabu pamoja, na limeandikwa nyuma ya lile daftari la stima.

Lastiki ningali nimeivaa, kwa sharti la Mwalimu na ruhusa ya Muuguzi, na imefika siku ya kumi na moja katika mkono wa kushoto. Cherehani ya mama nimeitia mafuta na kuinunulia ukanda mpya, kwa kuwa wa zamani ulikuwa umekauka ukapasuka nilipoukunja. Jana stima ilipopotea saa kumi na moja na nusu jioni niliandika saa ukutani, nikahamia upande ule wa pili wa kibanda palipo na mwanga wa mlango, na nilipofunga nilikuwa nimemaliza rinda la saba.